Pima Begi, Usipime Laptopu

Tangazo la laptopu nyepesi huanza na namba: kilo 1.13, kilo 1.17, kilo 1.29. Namba hizo si za uongo, ila ni uzito wa mashine tupu, tena mara nyingi wa lile toleo lenye betri ndogo na kioo kisicho cha kugusa. Abiria anayepanda basi la Mwanza alfajiri pale stendi ya Magufuli habebi mashine tupu. Begani ana laptopu, chaja ya tofali na nyaya zake mbili, adapta ya plagi, kipanya, waya wa HDMI na pawabenki ya simu. Chaja ya zamani ya wati 65 peke yake, ukiweka na ule waya mnene wa ukutani, inavuka gramu 300. Ukilipa zaidi upate laptopu iliyopungua gramu 150, kisha chaja hiyo ikawa inatoka nawe kila siku kwa sababu betri haifiki saa nane mchana, bega lako halitauona wepesi ulioulipia.

Swali la kuanza nalo dukani, basi, ni hili: siku ya kawaida ya kazi, chaja itabaki nyumbani au itakuja?

Jibu lake ni hesabu fupi. Ukubwa wa betri hupimwa kwa wati-saa, zinazoandikwa Wh. Kama kibandiko cha betri kinaonyesha volti na mAh tu, gawa mAh kwa 1,000 upate Ah, kisha zidisha mwenyewe: volti 11.4 mara Ah 4.2 ni karibu Wh 48. Laptopu nyepesi yenye prosesa ya wati 15, ikiwa inaandika, inasoma barua pepe na kufungua kurasa chache, mwanga wa kioo ukiwa katikati, hula wati 5 hadi 8. Mkutano wa video huipandisha hadi wati 12 na zaidi. Chukua wastani wa wati 7: betri ya Wh 57 ikiwa mpya itakupa saa nane hivi. Betri ileile ikishachoka na kubakiwa na asilimia 70 ya uwezo wake, ni Wh 40, yaani saa tano na nusu na ushee. Mashine ni ileile na kilo ni zilezile, lakini begi limebadilika, kwa kuwa ya pili inakulazimisha kubeba tofali.

Laptopu nyingi nyepesi zinazouzwa Kariakoo, au kwenye maduka ya Luthuli na Moi Avenue kule Nairobi, ni mtumba wa ofisi za Ulaya na Marekani, na nyingi zimepitia Dubai. Ofisi huko hununua au kukodi mashine kwa mkupuo, wakazitumia miaka mitatu au minne, kisha zikatoka zote kwa pamoja. Kwa msafiri hii ni neema. Ganda la mashine za ofisi huwa ni la magnesiamu, alumini au nyuzi za kaboni, bawaba zake zimefungwa kwenye chuma, na miongozo ya kuzifungua inapatikana bure kwa watengenezaji wenyewe. Kwa pesa hiyohiyo duka la jirani litakuuzia laptopu mpya kabisa, inayong'aa, yenye prosesa ya Celeron N4020, RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 4 na hifadhi ya mafaili ya aina ya eMMC ya GB 64. Iache hapo. Prosesa hiyo ina viini viwili tu, yaani sehemu mbili za kufanyia kazi. Windows yenyewe ikishakaa, hifadhi imebaki nusu, na miezi michache baadaye masasisho yanakosa pa kukaa. RAM na hifadhi vyote vimechomelewa kwenye bodi, kwa hiyo fundi hana la kukusaidia. Bawaba nazo zimeshikwa na nati ndogo za shaba zilizozamishwa kwenye plastiki. Bawaba ikianza kuwa ngumu kwa vumbi, kila ukifungua kifuniko unazing'oa nati kidogo kidogo, mpaka siku ganda linapasuka pembeni na kioo kinabaki kikining'inia.

Kwa mtumba, kata ya kwanza ni kizazi cha prosesa. Kwa prosesa za i3, i5 na i7, Intel iliandika kizazi mwanzoni mwa namba: i5-7200U ni ya 7, i5-8250U ni ya 8, i5-1135G7 ni ya 11. Kati ya 7 na 8 pana korongo. Kwanza, i5 za U (zile za umeme mdogo) za kizazi cha 7 zina viini viwili, za kizazi cha 8 zina vinne, na tofauti hiyo utaiona mara tu unapofungua mkutano wa video huku faili la Excel likiwa wazi. Pili, Windows 11 rasmi inaanzia kizazi cha 8 pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0, na Microsoft ilimaliza msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Ndiyo sababu mashine za kizazi cha 6 na 7 sasa zinauzwa kwa bei ya kutupa. Muuzaji atakuambia, "Hii nimeshaiwekea Windows 11, angalia mwenyewe." Inawezekana kweli, kwa kuiruka ile hatua ya ukaguzi, ila hakuna aliyekuahidi kuwa sasisho kubwa la mwakani litakubali. Ukiwa mtu wa Linux (mfumo mbadala wa Windows) hilo halikuhusu, na kwako hizo za bei ya kutupa ni mali safi.

Kabla ya kuzama kwenye majina, gawa laptopu mafungu mawili kichwani: vitu unavyoweza kubadilisha baadaye na vile utakavyoishi navyo mpaka uiuze. SSD (diski ya mafaili), betri, pesti ya kupoza prosesa na feni ni vya fungu la kwanza. Kioo na kibodi vinabadilika pia, lakini kwa gharama inayokaribia kukufanya ujute. Fungu la pili ni prosesa, uzito, matundu ya pembeni na, kwenye mashine nyembamba zaidi, RAM. Hapo kwenye RAM ndipo watu wanapoumia zaidi. ThinkPad X280 na X1 Carbon za Lenovo zina RAM iliyochomelewa: ukinunua yenye GB 8, utakufa nayo na GB 8. ThinkPad T480s ina sehemu iliyochomelewa pamoja na sloti moja ya kuongezea. Latitude 7390 ya Dell ina sloti moja, 7490 ina mbili. EliteBook 830 G5 na 840 G5 za HP zina mbili mbili. Huna haja ya kukariri haya. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua ukurasa wa utendaji (Performance), bofya kumbukumbu (Memory): Windows itakuonyesha sloti ngapi zinatumika kati ya ngapi. Ikiandika "Row of chips" kama umbo la RAM, ujue ni chipu zilizochomelewa. GB 8 ndiyo sakafu siku hizi, GB 16 ndiyo starehe. SSD ya GB 256 inatosha kuanzia kwa sababu hiyo inabadilika.

Sasa majina. ThinkPad T480s ndiyo ambayo ningemwelekeza mtu asiyejua achague nini: inchi 14, kuanzia kilo 1.32, betri ya Wh 57, kibodi nzuri, na RAM inaongezeka. X1 Carbon ya kizazi cha 6, ya mwaka 2018, ni nyepesi zaidi, kilo 1.13, ila chukua ya GB 16 au uiache. Latitude 7390 ya inchi 13.3 inaanzia kilo 1.17, lakini ilitoka na betri za aina mbili, Wh 42 na Wh 60. Ile ya kilo 1.17 kwenye tangazo si ile yenye Wh 60. EliteBook 830 G5, kilo 1.33, ina faida ya sloti mbili za RAM ndani ya umbo dogo, jambo adimu. Ya kuikimbilia kwa moyo mmoja ni ThinkPad X270, ambayo ina betri mbili, moja ya ndani na nyingine ya nje unayoweza kuichomoa mashine ikiwa imewaka, ya ndani ikashikilia kazi wakati unachomeka nyingine iliyojaa. Kwa mtu anayekaa vijijini wiki nzima hakuna kinachoizidi. Kasoro yake ni kwamba ni ya kizazi cha 6 na cha 7, kwa hiyo rudi kwenye korongo lile.

Halafu kuna MacBook Air ya Apple yenye chipu ya M1, iliyotoka Novemba 2020. Ina kilo 1.29, betri ya Wh 49.9, haina feni kabisa, na inakula umeme kidogo kiasi kwamba hesabu ya wati 7 kwake ni ya ukali mno. Vumbi la barabarani halina pa kuingilia kama kwenye mashine zenye feni. Kama kazi yako ni kuandika, picha na intaneti, na ukipata yenye betri nzima, hiyo ndiyo inayoacha chaja nyumbani pasipo ubishi. Masharti yake ni makali: RAM imechomelewa, SSD imechomelewa, matundu ni mawili na yote upande wa kushoto, na inakubali kioo kimoja tu cha nje. Maji yakiingia, mara nyingi unapoteza mashine pamoja na mafaili, kwa kuwa hakuna diski ya kuichomoa na kuipeleka kwingine. Na programu ya hesabu ya ofisini kwako, ile inayotumika kwenye Windows tu, uiulizie kabla, si baada.

Dukani, tenga saa nzima. Muuzaji anayekuharakisha amekwisha kukujibu. Nenda na chaja yako ya USB-C kama unayo, flashi, na simu yenye bando.

Anza na betri. Fungua dirisha jeusi la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter. Windows itaunda faili na kukuonyesha njia ya kulipata. Ndani yake tafuta mistari miwili: DESIGN CAPACITY, uwezo wa siku ya kwanza, na FULL CHARGE CAPACITY, uwezo wa leo. Gawa ya pili kwa ya kwanza. Juu ya asilimia 80, vizuri. Kati ya 60 na 80, punguziwa bei ya betri mpya. Chini ya 60, hesabu kwamba haina betri. Kwenye Mac taarifa hiyo iko katika ripoti ya mfumo, pamoja na idadi ya mizunguko ya kuchaji, na betri ya Air imekadiriwa mizunguko 1000. Lakini usiishie hapo. Betri za bandia zilizowekwa juzi hujitangaza asilimia 100 kwa sababu chipu yake imeandikwa hivyo. Dawa yake ni kuchomoa chaja, kuweka mwanga wa kioo juu kabisa, kucheza video kwa nusu saa na kutazama asilimia. Mashine inayokula wati 10 kwa nusu saa imetumia Wh 5, ambayo kwa betri ya Wh 57 ni kama asilimia 9. Ikishuka 20, ripoti imekudanganya. Ikifika 40 ikazima ghafla, seli mojawapo imekufa. Kisha ifunge, iweke juu ya meza ya kioo au bapa yoyote, uigonge kona kwa kidole. Laptopu inayochezacheza kama kiti kibovu, au yenye padi ya kugusa iliyonyanyuka na kugoma kubofyeka, ina betri iliyovimba, na betri iliyovimba haibembelezwi wala haitobolewi.

Wakati video inacheza, tazama kioo. Fungua ukurasa mweupe mtupu, uangalie kwa pembeni. Madoa meupe yanayong'aa zaidi ni alama za mgandamizo: mtu aliibeba kwenye begi lililojaa, chaja ikikandamiza kifuniko. Hayatatoka, na yataongezeka ukibeba vilevile. Uliza kama kioo ni cha IPS, aina inayoshika rangi hata ukitazama kwa pembeni. Kile cha TN kinageuka rangi ukiinamisha kidogo, na cha nukta 1366 kwa 768 usikikubali kwa kazi ya siku nzima. Mwanga ni suala jingine ambalo matangazo hulipita haraka. Vioo vingi vya ofisi vya miaka hiyo ni vya niti (kipimo cha mwanga wa kioo) 250 hadi 300. Ndani ya chumba vinatosha. Kibarazani Tanga saa sita mchana utakuwa unajitazama uso wako. Air ya M1 ni niti 400, na baadhi ya matoleo ya X1 Carbon hufika huko au kupita, lakini unapaswa kujua ni toleo lipi.

Kibodi: fungua Notepad, bonyeza kila herufi, pamoja na mishale na F zote. Angalia mpangilio. Mashine za Ujerumani zina Y na Z zilizobadilishana nafasi, na kwa anayeandika Kiswahili huo ni mtego mbaya kuliko unavyodhani, kwa sababu "ya" inageuka "za", na zote mbili ni maneno halali. Hakuna programu itakayokuwekea mstari mwekundu chini ya "kazi za mwalimu". Ule mkato wa ng'ombe nao kwenye kibodi hiyo unataka Shift. Za Ufaransa na Ubelgiji zina mpangilio wa AZERTY, ambao mtu aliyesomea Bujumbura au Lubumbashi ataupokea kama ndugu, na wengine wote watautukana. Windows inaweza kubadilisha mpangilio kwa ndani, na vibandiko vya herufi vinauzwa, ila vibandiko hutoka jasho likizidi, na Enter ya umbo tofauti haibadiliki.

Kisha kufuli, jambo ambalo limewaliza wengi. Mashine za ofisi huwa zimesajiliwa na kampuni iliyozinunua. Washa upya, ingia BIOS, yaani mipangilio ya ndani inayotangulia Windows. Ikidai nywila ya msimamizi, rudisha. Kwenye ThinkPad nywila hiyo imehifadhiwa ndani ya chipu, kwa hiyo kuchomoa betri ndogo ya saa hakuifuti. Pili, kuna usajili wa Autopilot wa Microsoft. Fundi akiweka Windows bila intaneti, huoni kitu, mashine inafanya kazi miezi sita. Siku utakayoifuta na kuiweka upya ukiwa na intaneti, inakukaribisha kwa jina la kampuni fulani ya ng'ambo na kukudai barua pepe ya mfanyakazi wake. Njia ya kujikinga ni moja: Windows irudishwe mwanzo mbele yako, ikiwa imeunganishwa na bando la simu yako tangu ukurasa wa kwanza. Mac ni vivyo hivyo, ifutwe na iwashwe upya kwa intaneti, uone kama inadai akaunti ya mtu au inatangaza usimamizi wa mbali. Hapo ndipo saa yako moja inapokwenda, na ni saa yenye faida.

Mengine ni ya haraka. Programu ya CrystalDiskInfo inasoma afya ya SSD. Chomeka kitu kwenye kila tundu. Fungua kamera, sema neno, sikiliza ulichorekodi. Shika kifuniko pembeni ukitikise taratibu. Bawaba nzima hushikilia kioo pale ulipokiacha.

Tundu la USB-C lijaribu kwa kuchaji na pia kwa kutoa picha kama kuna skrini karibu. Kwa ThinkPad za miaka ya 2017 na 2018, kama T480s, X280 na X1 Carbon ya 6, kuna ugonjwa unaojulikana: programu ya ndani ya chipu ya Thunderbolt, inayoendesha tundu hilo, ilikuwa na kasoro iliyojaza kumbukumbu yake hadi tundu likaacha kuonyesha picha au kuchaji ipasavyo. Lenovo ilitoa sasisho. Ukiinunua ikiwa nzima, weka sasisho hilo siku hiyohiyo. Ikiwa tundu limeshakufa, linataka fundi mwenye kifaa cha kuandika chipu upya, na wa namna hiyo si kila mtaa.

Turudi kwenye tofali. Laptopu inayochaji kwa USB-C hukuruhusu kuliacha na kununua chaja ndogo ya aina ya GaN ya wati 65, yenye gramu mia na kitu, inayochaji simu pia. Hapo ndipo gramu zinapookolewa kwa bei nafuu kuliko kubadilisha laptopu yenyewe. Ila maneno "wati 65" yasikulaghai. Laptopu nyingi za Windows hutaka volti 20 kwa utaratibu unaoitwa PD. Chaja ya simu ya wati 20 haifiki huko. Na baadhi ya chaja za simu zilizoandikwa 65 au 67 hutoa nguvu hizo kwa simu za kampuni hiyo tu. Ukizichomeka kwenye laptopu, zinatoa kiasi kidogo au hazitoi kabisa. Geuza chaja usome maandishi madogo: unatafuta mstari wenye 20V na angalau 2.25A, yaani wati 45. Waya wa kawaida wa USB-C kwa USB-C hupitisha ampea 3, wati 60, unatosha. Ule wa USB kubwa upande mmoja hautafaa. MacBook Air ina unyenyekevu zaidi, chaja yake ya asili ni wati 30 na hupokea hata chini ya hapo, polepole.

Dell yenye tundu la duara ina pini nyembamba katikati inayobeba taarifa, si umeme. Pini hiyo ikipinda au chaja ikiwa ya bandia, laptopu huwaka lakini haichaji, na prosesa inajipunguza mwendo. Watu hubadilisha betri bure kwa kosa la pini.

Tundu la USB kwenye kiti cha basi hutoa volti 5 na wati kama 12 kwa bahati njema. Halitachaji laptopu. Pawabenki ya mAh 20,000 huhesabiwa kwa volti 3.7, kwa hiyo ni Wh 74, na ukitoa kinachopotea njiani utapata kama Wh 50, ujazo mmoja wa laptopu, iwapo inatoa PD ya wati 45. Ina uzito wake, takriban nusu kilo zile kubwa, kwa hiyo ni ya safari ndefu, si ya kila siku. Kwa ndege, betri isiyozidi Wh 100 inaruhusiwa bila kibali. Kati ya 100 na 160 unahitaji ruhusa ya shirika. Pawabenki na betri ya akiba, kama ile ya nje ya X270, hupanda nawe kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye mzigo wa chini, na vituo vyake vya chuma vifunikwe kwa utepe.

Plagi za pini tatu bapa za Tanzania, Kenya na Uganda ndizo zilizoko Oman na Imarati, kwa hiyo njia ya Muscat au Dubai haihitaji adapta. Ukivuka kwenda Kigali, Bujumbura au Kongo utakutana na pini mbili za duara. Nunua chaja yenye plagi ya hapa moja kwa moja. Zile za pini bapa mbili zinazokuja na adapta ya bei rahisi hulegea kwenye soketi, zikapiga cheche kila basi la barabarani likipita.

Usumbufu wa njiani unaotokea mara nyingi zaidi hauna uhusiano na ubora wa mashine. Unafunga kifuniko, unaiweka begini, unafika Dodoma, unaikuta ya moto na asilimia 15. Laptopu nyingi za Windows za miaka ya karibuni zikilala hazilali, huendelea kuvuta barua pepe na masasisho kama simu. Andika powercfg /a kwenye dirisha la amri. Ikitaja S0 kwenye orodha ya juu, ya hali zinazopatikana, yako ni ya kundi hilo. Kwenye mipangilio ya umeme, badilisha kitendo cha kufunga kifuniko kutoka Sleep kwenda Hibernate. Itachelewa sekunde chache kuamka, lakini ndani ya begi itakuwa imezima kweli. Chaguo hilo lisipoonekana, fungua dirisha la amri kama msimamizi uandike powercfg /hibernate on. Na ukiwasha intaneti ya simu, uweke mtandao huo kama wa kupimwa (metered connection), maana sasisho moja la Windows linaweza kumaliza bando la wiki kabla hujafika Chalinze.

Ukiwa ofisini siku nyingi mfululizo umeichomeka, weka ukomo wa kuchaji kwenye asilimia 80, kwa Lenovo Vantage au ndani ya BIOS kwa Dell. Betri inayokaa 100 kwenye joto ndiyo inayovimba.

Kwenye pwani, adui ni unyevu wa chumvi. Ganda la alumini likitoka chumba cha kiyoyozi kuingia hewa ya Mombasa hutoa umande kama chupa ya soda, na umande huo hautazami ni upande wa nje au wa ndani. Iache ndani ya begi lililofungwa nusu saa kabla ya kuiwasha. Vile vipakiti vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vitupie begini, uvibadilishe vikishachoka. Matundu ambayo huyatumii yafunike kwa vizibo vya mpira. Kutu ya kijani kwenye pini za USB-C huanza ndogo kama chembe ya chumvi, ikaonekana kwanza kama chaja inayokatakata ukigusa waya, na hapo mswaki mkavu pamoja na alkoholi ya kusafishia (isopropili) ya asilimia 99, mashine ikiwa imezimwa na chaja imechomolewa, bado unaweza kuiokoa.